Jiwe Chini ya Ulimi

Mwone kwanza akishuka. Lori la mpunga kutoka Mamba limesimama Mpanda, karibu na stesheni, mwaka wa sabini na sita, na mama mmoja anateremshwa kutoka juu ya magunia, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Hana mzigo ila kopo la maziwa ya unga, amelifunga tumboni kwa kanga. Utingo anamtania, anauliza humo kabeba meno ya bibi au nini, mbona njia nzima amelikumbatia. Mama hacheki. Amebeba rozari.

Huyo ndiye Kasilda. Kule kwao Mpimbwe hakuna asiyemjua kwa mawe. Marehemu mumewe aliwahi kufanya kazi mgodini, akamwachia keekee ya kutobolea, na kwa keekee ile, mchanga na maji, Kasilda alitoboa jiwe moja kwa siku, mara nyingine siku mbili. Lakini kutoboa, alikuwa akisema, ni kazi ya mikono tu. Kazi yenyewe ni kuchagua. Jiwe lililolowa hakulichagua, maana maji huficha ufa. Alilianika likauke, akaligeuzageuza juani, kisha akalitia chini ya ulimi na kusali Salamu Maria tatu. Likibaki baridi, ni jiwe. Likipata joto upesi, ni chupa. Wachuuzi waliomletea mawe yaliyong'arishwa kwa mafuta aliwasuta mbele za watu: jiwe la mafuta ni bwana harusi aliyeazima koti, ngoja mwenye koti aje.

Rozari ya kwenye kopo ilimchukua miaka saba. Mawe hamsini na matatu ya zambarau kwa Salamu Maria, sita meupe kwa Baba Yetu, yote aliyaokota mwenyewe mtoni, yote yamepita chini ya ulimi wake. Mwaka watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alibeba kopo kabla ya jembe. Ilikuwa ya Kalista, binti yake wa pekee, aliyekwenda kwa masista. Siku ya nadhiri mama yake angemvika mwenyewe. Ndivyo alivyojiapia, na hakuna jirani ambaye hakuambiwa.

Basi, Kwaresima ya mwaka uliotangulia, dada yake Emerensiana aliugua tumbo, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani. Emerensiana huyo ndiye aliyemlea Kasilda mama yao alipokufa, na ndiye aliyemfundisha Kalista kusali. Na kwao mtu haendi kaburini mikono mitupu. Huzungushiwa rozari vidoleni. Akamwita mdogo wake, akaomba ile ya zambarau.

Kasilda alimwambia ile ni ya mtoto, atamtengenezea nyingine nzuri vilevile. Wote wawili walijua mwendo wa keekee: jiwe moja, siku moja. Emerensiana hakuwa na siku hamsini na tisa.

Pale nyumbani kulikuwa na kikapu cha mawe aliyoyakataa, ya wachuuzi, ambayo yalikuja yametobolewa tayari. Kasilda akayatunga jioni moja. Kisha, yeye aliyewasuta wenzake, akamimina mafuta ya karanga kiganjani, akayapaka moja moja mpaka yakang'aa.

Dada yake aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akaisogeza mdomoni. Kasilda akadhani anataka kuibusu. Hapana, alitia punje moja chini ya ulimi, akafumba macho, midomo ikaanza Salamu Maria. Hakufika hata ya pili.

"Limepata joto, mdogo wangu," alisema. Akaitoa ile punje polepole, akaifuta kwa shuka. "Haidhuru. Nifungie hii hii."

Siku ya tatu akazikwa nayo. Kasilda alikataza mtu yeyote asimwandikie Kalista. Aliogopa mtoto atavunjika moyo, aache unovisi, yale malezi ya kuelekea usista, na ile miaka saba iende bure.

Turudi sasa Mpanda, kwenye lango la masista. Kalista alikuja mbio, nguo nyeupe, uso umejaa, kesho yake ndiyo nadhiri. Akafungua kopo, na mawe yakashika jua. Halafu akamwonyesha mama yake rozari iliyoning'inia kiunoni mwake, punje nyeusi za mti, kama ya kila sista mle ndani. Akaeleza kwa upole kwamba ameahidi ufukara, kwamba huko hakuna anayevaa kizuri kupita mwenzake. Kasilda alibisha, akataja mto, akataja keekee, akataja miaka. Kalista akamfumba vidole juu ya mawe.

"Usisikitike, mama. Mpelekee mama mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisali, na tangu nimjue hana kitu kizuri hata kimoja."

Kasilda akainama. Mawe yalikuwa baridi kiganjani, yote, baridi safi kama siku alipoyachagua.

"Lakini hajambo?" Kalista akauliza. "Mbona siku hizi haniletei hata salamu?"

Ndani kengele ya sala ikaanza kulia. Sasa nawe uliyenifuata mpaka hapa langoni, ungekuwa wewe ndiwe Kasilda, na hiyo rozari mkononi, ungemjibu nini?