Madodoso ya Binti Yangu

Shule mimi sikukaa. Nyumba ya bati, mikorosho na mashamba ya bondeni nimevipata kwa jembe, na sikubebwa na mtu. Kwa hiyo binti yangu alipokuwa anasomea shahada ya pili ya ugani wa kilimo, niliona kama nasoma mimi. Nilitembea Kibiti nzima kifua mbele.

Alikwisha kuwa bibi shamba miaka kadhaa. Siku hizo ndiyo soko huria limeingia: ushirika umelala, mbolea ya bei nafuu haipo tena, wanunuzi wa korosho wanakuja na magari yao na mizani yao. Bwana shamba wetu ukimwona ni bahati, maana pikipiki haina mafuta. Binti alitaka kujua kama ushauri wa wataalamu unamfikia mkulima, na kama mkulima anaufuata. Kazini walimpa ruhusa ya wiki sita. Akirudi chuoni mikono mitupu, nafasi ya masomo aliyoigombania angepewa mwingine.

Basi mimi nikaona nimsaidie. Ijumaa, watu wakitoka kuswali, nikasimama nje ya msikiti.

"Mwanangu atapita na maswali. Asiaibike mbele ya wakubwa zake. Akiuliza mnapanda kwa mistari, mnapanda kwa mistari. Akiuliza bwana shamba, bwana shamba anakuja."

Hakuna aliyepinga. Kwetu mgeni mwenye kalamu humwambii neno baya. Unampa la kumfurahisha, anafunga daftari, anakwenda zake salama. Nimewafanyia hivyo maafisa wangapi walioshuka kwenye gari! Sikuona uongo pale, niliona adabu.

Wiki tatu binti alitembea kwa miguu, kuanzia Ruaruke mpaka bondeni. Halafu alasiri moja akatandaza makaratasi yake mkekani.

"Baba, hebu njoo usikie." Akasoma la kwanza, la pili, la kumi. "Tunapanda kwa mistari, tunawashukuru wataalamu. Tunapanda kwa mistari, tunawashukuru wataalamu. Wote, baba! Mpaka shangazi, ambaye shamba kaliacha tangu miguu ianze kumsumbua, naye anapanda kwa mistari."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Msimamizi wangu atanirudishia haya yote, na atakuwa na haki. Na wewe je, baba? Unapanda kwa mistari?"

"Napanda."

"Twende shamba."

Maji ya mafuriko yalikuwa yanashuka, na sisi tuko kwenye mlau, kilimo cha kuyafuata maji yanaporudi mtoni. Mahindi yangu ya juu yalifika magotini, ya katikati ndiyo kwanza yanachungulia, na kule chini bado tope tupu. Binti akatoa kamba yake yenye mafundo, akaivuta huku, akaivuta kule.

"Mstari uko wapi?"

Nikapandwa na hasira. "Mstari wa nini? Maji yanaondoka kwa mstari? Hapa pamekauka leo, pale mpaka keshokutwa. Nachomeka kidole. Nikikuta unyevu usionata, napanda. Nikingoja shamba zima lilingane ndiyo nivute kamba, huku juu ardhi imeshapasuka!"

Akaandika mbio mbio, amesimama.

"Haya hujamwambia bwana shamba?"

"Aliniuliza lini?"

"Mimi nimekuuliza, baba. Ukanidanganya." Akafunga daftari. "Na hao wengine nani aliwafundisha?"

Nilitazama mahindi. "Mimi."

Afadhali angepiga kelele. Alikunja kamba yake taratibu, akasema, "Basi kawaambie upya. Mimi wakinisikia wataona nawatega."

Maisha yangu nilikuwa sijawahi kulitengua neno langu mbele za watu. Siku mbili nilijitia naumwa mgongo. Ya tatu nikaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambako watu hungoja zamu. Binti alikuwa nyuma yangu na makaratasi mapya. Nikasema nilichosema. Yule shangazi mtu, binti wa mjomba wangu na mtani wangu wa siku zote, akaweka mkono sikioni.

"Rudia, mtani! Mashine inanguruma."

Nikarudia. Mwenye mashine akaizima ili asikie vizuri.

"Kumbe!" mtani akadakia. "Juzi tuseme ndiyo, leo tuseme hapana? Tuandikie basi, mzee, tusije tukafeli mtihani wako."

Watu wakaangua kicheko. Nikasema, "Semeni mnavyofanya kweli. Hata kama ni aibu."

"Aibu yetu ipo wapi? Anza wewe, tukuone."

Binti akakaa kwenye gunia, akaweka karatasi pajani. Swali la kwanza lilikuwa la kisomo. Mimi miaka yote nasema darasa la nne. Hata nilipokwenda kumposa mama yake nilisema la nne.

"Darasa la ngapi, baba?"

"La pili. Na lenyewe sikulimaliza."

Kalamu ikasimama kidogo, halafu ikaandika. Hakuna aliyecheka. Mtani wangu ndiye aliyesema, "Haya, muulize na hiyo mistari. Mimi nipo nyuma yake kwenye foleni."

Wiki zilizobaki hazikutosha. Alimaliza kitongoji kimoja, cha pili akakifikisha nusu. Msimamizi alikubali kwa sharti moja: aandike kwamba majibu ya kwanza aliyatupa, na kwa nini. Akaandika, na shahada akaipata.

Kitabu chake cha utafiti huo kilipotoka alikileta nyumbani, akanisomea mahali panaponihusu: mkulima mmoja mwenye ushawishi aliwaelekeza wenzake namna ya kujibu. Nikamwambia apafute.

"Hapafutiki, baba. Pakitoka hapo, hata mambo yako ya kidole na unyevu hakuna atakayeyaamini."

Kumbe na ya kidole ameyaandika! Nikamwambia anisomee hayo. Akasoma ukurasa mzima, na hakuwa amekosea hata jambo moja.

"Basi paache," nikasema.