Chale Mbili za Justa

Usiku ule Verediana alikaa sakafuni mbele ya chumba cha mwisho, kanga ameizungusha magotini, macho hayabanduki mlangoni. Kila mlango ule ulipofunguliwa bawaba zake zililia, na kila zilipolia, binti yake Justa alikakamaa kitandani kama upinde. Kwa hiyo aliutamani ufunguliwe, na papo hapo akauogopa.

Justa alikuwa amekanyaga kisiki cha tete akipalilia mpunga kwao Mofu. Kidonda kilipoanza kufunga, wakadhani yamekwisha. Kisha asubuhi moja baba yake, Ponsiano, akamwona anachuja uji kwa meno, taya haitaki kuachama. Hakungoja. Alimlaza binti mtumbwini pamoja na mama yake, akawaleta mpaka hospitali ya misheni Ifakara, akarudi kulinda mpunga kabla nguruwe hawajaumaliza.

Daktari alisema ni pepopunda, lakini imewahiwa. Dawa ilikuwapo. Ilitokana na damu ya farasi, na wako watu ambao miili yao haielewani nayo: huvimba, kifua hubana, mtu akafa kwa dawa kabla ya ugonjwa. Ndiyo maana ngozi huulizwa kwanza. Nesi Klementina, msichana wa Mlimba mwenye sauti ya chini, alimuuliza mama mtu kama Justa aliwahi kuchomwa sindano akavimba, kama kifua chake hupiga filimbi, kama amekunywa dawa yoyote nyumbani. Verediana akajibu hapana kwa yote, na wakati ule alisema kweli. Kisha nesi akaukwaruza mkono wa Justa kwa sindano mahali pawili, bila hata damu kutoka. Pa kwanza akadondosha dawa, pa pili maji ya chumvi, apate kulinganisha. Akasema pasiguswe, pasikunwe, pasipakwe kitu, akaenda kwa mgonjwa wa pili.

Verediana akabaki anautazama mkono wa mwanawe. Kwao mtu hachanjwi akaachwa hivi hivi. Yeye mwenyewe alichanjwa utotoni kwa ajili ya homa, akachanjwa tena alipoolewa, na kila mara dawa ilisuguliwa ndani mpaka machozi yakamtoka. Chale isiyopakwa dawa ni nyumba iliyoachwa wazi, apitaye ataingia. Na zile za Justa zilitiwa majimaji tu, tena yanakauka juu juu. Katika pindo la kanga alikuwa na unga wa mizizi aliopewa na wifi yake, Theodosia, na kichupa cha mafuta ya nyonyo. Akachanganya, akasugua zote mbili, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto mguu uliotoka nje ya shuka.

Zikavimba. Nesi aliporudi alizikuta nyekundu, kubwa kupita alama ya mbu. Akamwita daktari, mlango ukafungwa, na Verediana akawasikia wakibishana kwa kunong'ona. Ikiwa ngozi imekataa dawa, mbona imekataa na maji ya chumvi? Daktari aliona salama ni kuitoa dawa tone kwa tone mpaka kuche. Nesi akasema ugonjwa wenyewe hautangoja.

Tangu hapo Verediana alikuwa pale sakafuni na siri yake. Akisema, watamfukuza, na Theodosia ataitwa mchawi. Asiposema, mtoto atadondoshewa uhai kidogo kidogo na huku unamkimbia. Mficha uchi hazai, na yeye alikwisha kuzaa. Mlango ulipolia tena na Klementina akatoka na beseni, alikuwa amesimama.

"Mwanangu, nisikilize kabla hujapita. Zile chale nilizipaka dawa. Ya kwetu. Zote mbili."

Klementina akaweka beseni chini.

"Kumbe," akasema. "Mimi nimekaa humo ndani najiuliza ni mtu gani huyu anayekataliwa na chumvi."

Verediana akaanza kuomba radhi, akataja farasi, akamtaja wifi yake, maneno yakagongana. Nesi akapandisha mkono wa gauni lake. Juu ya kiwiko palikuwa na chale ndogo, nyeusi, za zamani.

"Bibi yangu alinichanja hizi. Angeziona zile nilizomkata Justa jioni, angesema mjukuu wake ni mvivu, kakata halafu kasahau dawa." Akaushusha mkono wa gauni. "Nilikukataza, mama, sikukwambia sababu. Pale hatuweki kinga. Tunauliza tu. Anayeulizwa ni ngozi, na wewe ukamjibia."

Wakaingia pamoja. Klementina aliuosha mkono wa pili wa Justa, akaukwaruza upya. Safari hii Verediana alikuwa ameushika kwa vidole vyake mwenyewe, ili binti asijikune na mama asijisahau. Wakangoja muda wa kuiva ugali. Maji ya chumvi yakakauka, pakabaki laini. Dawa ikakauka, pakabaki laini. Daktari akauinamia mkono na taa, akapapasa, akatikisa kichwa kukubali. Hata hivyo akataka sindano ya kuokoa iwekwe tayari mezani, maana ngozi huweza kunyamaza na mwili ukabisha.

Verediana akaambiwa angoje nje wakati dawa inatolewa yote, chumba kiwe na giza na utulivu. Alipofika mlangoni Klementina akamnyooshea kiganja.

"Ule unga ufunge, urudi nao kwa wifi yako. Mafuta nipe."

Akampa, akidhani yanakwenda kumwagwa. Nesi akapiga magoti, akayadondosha kwenye bawaba, ya juu na ya chini, akausukuma mlango mbele na nyuma, kisha akaufunga.

Jogoo waliwika upande wa Katindiuka. Verediana alikuwa anasali rozari kwa vidole, macho chini, basi hakuona mlango ulipoanza kufunguka. Wala hakuusikia. Aliona tu miguu ya nesi mbele yake, na nyuma yake nafasi yenye giza, na ndani ya giza mtoto wake amelala hajakakamaa, hajavimba, anapumua.

Klementina akaweka kidole mdomoni. Verediana akaikusanya kanga isiburute, akaingia.