Kidole cha Tantine

Jumatatu, kwenye ofisi moja ya Ibanda, hapa Bukavu, nilipanga foleni nyuma ya bwana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa amemleta shangazi yake, bibi anayetunzwa na masista katika nyumba ya wazee.

"Weka kidole hapa, tantine. Iko liste ya blanketi."

Tangu vita vianze na waasi waushike mji, nani Bukavu hajaweka kidole kwenye orodha ya blanketi? Bibi akachovya kidole kwenye wino bila kuuliza.

Karani akaivuta ile karatasi. "Sheria inaomba nimusomee kwanza, mu luga anasikia."

"Sheria ya Kinshasa haifike tena huku," mpwa akasema, akitabasamu.

"Lakini mimi niko huku."

Karani akavaa miwani, akakigeuza kile Kifaransa kuwa Kiswahili, polepole: mama huyu anampa mpwa wake kiwanja, pamoja na nyumba iliyo juu yake, kwa mapenzi yake mwenyewe.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, kidole bado kiko hewani. "Na blanketi iko wapi mule?"

"Haiko, maman."

Bibi akamvuta mpwa kola, taratibu, kama anayetaka kumnyooshea nguo, kisha akakandamiza kidole chenye wino katikati ya shati jeupe.

"Kidole yangu njo hiyo. Enda onyesha watu."

Wakubwa bado wanabishana ni sheria ya nani inayotawala mji huu. Mimi nilimtazama tu yule bwana akitoka, amekumbatia faili kifuani kwa upendo ambao shangazi yake hajawahi kuuonja.