Maoni Yangu Mwisho wa Kaseti

Leo nahadithia nacheka, lakini siku ile, jamani, nilitamani ardhi ya Madungu ipasuke inimeze mimi na radio kaseti yangu. Nanyi mkitaka kucheka chekeni tu, wapo waliokuwepo na mpaka leo hawajamaliza.

Miaka ile hakuna Chake Chake nzima aliyekuwa na kaseti za taarab ya ukumbini kama mimi. Si zile za dukani (zimekatwakatwa, hamna kikohozi wala kigelegele), bali za kikundi chetu kikipiga mbele za watu, pale wimbo unapoanza na wapigaji wenyewe hawajui utaishia wapi, fidla inaondoka peke yake, ganuni inaifuata, watu wanaita "Allah!", na robo saa inapita mwimbaji hajafungua mdomo. Radio yangu niliiweka mbele kabisa, karibu na mguu wa Mzee Faki, mpiga fidla. Wengine wote aliwakatalia kurekodi. Mimi aliniruhusu, alisema nina adabu na nina sikio, na ruhusa ile niliithamini kuliko kazi yangu ya ualimu.

Na ualimu ndio ulioniponza. Mwisho wa kila kaseti hubaki utepe mtupu wa dakika mbili tatu, nami nikaona hasara kuuacha bure. Basi nikifika nyumbani nafunga mlango, narekodi maoni yangu na kutoa maksi, kama ninavyosahihisha madaftari. Nani angesikia? Kaseti zangu sikumwazima mtu.

Ijumaa moja baada ya Alasiri Mzee Faki akaniita kwake Madungu. Alikuwa ameugua wiki kadhaa, fidla hajaishika, akataka kusikia onyesho la Mkoani, la mwisho kupiga kabla hajalala kitandani. Nikamkuta barazani na majirani kama kumi, na mkewe Bi Raya, ambaye ndiye mwimbaji wetu, anamimina chai, sahani ya visheti katikati. Msidhani nilisahau kilichomo mwishoni mwa kaseti. Nilijiambia tu, makofi yakianza nazima. (Kitufe cha kuzimia kiling'oka zamani, nilikuwa nazimia kwa mpini wa kijiko, na kijiko nilikuwa nacho mfukoni mwa kanzu.)

Kaseti ikasoma, watu wakatulia, Mzee kafumba macho, vidole vyake vinacheza juu ya goti. Fidla ilipoanza kutembea peke yake, jirani mmoja akanigeukia. "Mwalimu, weye ndiye mjuzi, hapa wasemaje?"

Ningesema "pazuri" nikanyamaza, yangeishia hapo. Lakini mimi na kujionyesha! Nikaanza kueleza kwamba hata Unguja nzima hakuna mkono kama huu, kwamba kila nikiisikia Mkoani hii machozi hunilengalenga, nikaeleza, nikaeleza, kisheti mkononi, makofi yakaanza, makofi yakaisha, nami bado naeleza, mpaka sauti nyingine ikanikatiza, na sauti hiyo ilikuwa yangu.

"Mkoani. Ganuni, nane kwa kumi. Fidla, tano. Mzee Faki leo alikuwa anatafuta njia ya nyumbani haioni. Kapotea mara mbili, watu wamepiga makofi kwa heshima tu."

Nikairukia radio. Kijiko kikanasa mfukoni, nikatumia kidole, kidole kikateleza kikaongeza sauti, na mguu ukapiga birika. Chai ikamwagika mkeka mzima, majirani wakainua miguu, na mimi wa ndani ya radio naendelea kwa sauti iliyowasimamisha hata wapita njia: "Umri nao. Apumzike."

"Iwate," akasema Mzee Faki. "Iwate isome."

Ikasoma mpaka ikajikata yenyewe. Kucheka kulikuja baadaye. Nilikuwa nimeinama nafuta chai kwa kofia yangu, nikijua nafasi yangu ya mbele imekwisha, na kibaya zaidi, nimemvunja moyo mtu mgonjwa.

"Mara tatu," akasema. "N'lipotea mara tatu, Mwalimu, moja hukuisikia. Siku ile mkono ulishaingia ganzi, na kila mtu akaniambia n'mepiga vyema." Akanigeukia. "Na ipi n'lopiga vyema kweli?"

"Ya Makangale, Mzee. Ile nilikupa kumi."

"Nenda kailete."

Nikapanda baiskeli nimesamehewa, moyo mweupe, nikaichukua kaseti, na nilipofika nusu ya njia ya kurudi ndipo nikakumbuka. Makangale: fidla, kumi. Mwimbaji, nne, Bi Raya kalia wee mpaka nimemhurumia mpiga ngoma. Nikafikiria kusema radio iliitafuna zamani. Lakini nilipofika, Bi Raya alikwisha vuta kiti mbele kabisa, birika kaliweka mbali na mguu wangu.

"Na mie leo nataka kusikia maksi zangu," akasema. "Na hicho kijiko, nipe mie."

Nikampa.

Mzee Faki alipona, alhamdulillahi, akapiga tena, na kila onyesho likiisha huniita pembeni, "Ngapi?", nami namwambia usoni, naye hunitajia makosa niliyoyakosa. Radio yangu lakini, kwa amri ya Bi Raya, sasa inakaa nyuma karibu na mlango, inanasa vikohozi na ndara za wanaotoka. Nimeapa: mwisho wa kaseti nauacha mtupu, na maksi za mtu nampa mwenyewe, uso kwa uso. Isipokuwa Bi Raya. Yeye ni kumi, kila siku, hata akipaliwa.