Pipa Lililojazwa Mpaka Mdomoni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye yadi ya magari hapa Mpanda, Mkuu wa Stoo alinikabidhi kijiti cha kupimia mafuta, akaniambia, "Kijana, pipa la petroli usilijaze mpaka mdomoni. Acha nafasi."

Nikamuuliza sababu. Akanieleza kwamba petroli, kama kimiminika chochote, ni molekuli, chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na hazitulii hata mara moja. Joto likizidi zinakwenda mbio, zinasukumana, zinataka nafasi kubwa zaidi. Ndiyo maana mafuta huongezeka bila mtu kuyaongeza. Zilizo juu huponyoka na kuwa mvuke.

"Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa," akasema. "Unatambaa chini, wala huuoni."

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa kambi ya barabara karibu na Kasansa. Gari la mafuta lilikuwa likichelewa sana, basi lilipofika asubuhi moja ya mwisho wa kiangazi, Msimamizi wa Kambi akaamuru tujaze kila pipa mpaka juu.

"Bosi, jua la huku…"

"Wewe ni mwalimu au mtunza stoo?"

Watu wakacheka. Nikajaza.

Saa nane mchana vifuniko vilikuwa vimevimba. Masanja, mwendesha pampu ya maji, akaja na spana kuchukua petroli. Nilipaswa kumwambia alegeze kizibo taratibu, au asubiri pipa lipoe. Lakini nilikuwa bado nimenuna, kwa kuwa naye alicheka asubuhi. Nikanyamaza.

Akakifungua kwa mkupuo. Petroli ikamrukia kifuani, na mvuke ukatambaa mpaka kwenye moto wa mpishi wa kambi pale jirani, ukalipuka kabla hatujapiga kelele.

Aliishi siku tatu.

Baada ya mazishi mama yake aliniita pembeni, karibu na zizi la ng'ombe.

"Baba, wewe ulijua lile pipa lina hatari?"

"Nilijua, mama."

"Na yeye?"

Nikageukia ng'ombe zizini. Mama akarudi kwa waombolezaji.

Sasa nimestaafu, naishi Nsemulwa, hapa hapa Mpanda. Vijana wanaouza petroli kwenye chupa kule Shanwe huwa nawasimamisha, nawaeleza habari za joto na molekuli. Wananisikiliza kwa heshima, wanasema mzee anajua. Ni kweli najua. Nilijua hata siku ile, nikiwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwa Masanja.