Maziwa ya Mautuma

Siku ya tano tangu gari lirudi kutoka Mautuma, Awinja alimwambia Jescah kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa akipanda bodaboda kwenda kazini. Alisema anataka upepo. Kwa miaka miwili walikuwa wakienda chuo cha Sigalagala pamoja kwa gari la kina Jescah, wote wawili wakifundisha upishi, na Jescah hakuwahi kumwona Awinja akiutaka upepo. Dirisha likishushwa kidogo tu, alilalamikia nywele zake.

Gari lilinuka, na wote walijua. Nehemiah, mumewe Jescah, alikwenda nalo Mautuma kumchukua baba yake, Mzee Erastus, aje mjini kupimwa macho. Mzee hakuzoea kuja mikono mitupu. Alipakia jerikeni ya maziwa kwenye kiti cha nyuma, kifuniko kikawa hakikukazwa, na barabara ni ile ile ya mashimo. Walipofika nyumbani Amalemba, maziwa yalikuwa yamebaki nusu. Nusu nyingine kiti kilikuwa kimeinywa.

Nehemiah alipangusa kwa gazeti, akasema kazi imekwisha. Jua likafanya lake. Kila Jescah alipomuuliza, alijibu kwamba yeye hasikii harufu yoyote.

Jumamosi asubuhi Jescah alijifunga leso kiunoni, akachemsha sufuria kubwa ya maji, akatoa sabuni ya unga na brashi. Nehemiah naye alitoa kiti, akakiweka kivulini, akakaa kumwelekeza. Alimshauri aanzie juu kwenye paa. Jescah alimimina maji yanayotoa mvuke, akasugua, na harufu ikaamka mbaya kuliko ya jana. Akaongeza siki. Akaongeza limau. Mwishowe akanyunyiza poda ya mtoto, na gari likanuka kama maziwa yaliyooza yakajipaka poda kwenda harusini.

Basi akaamua kiti cha gari king'olewe. Aliuliza spana iko wapi, akaambiwa iko kwa jirani, Osiako. Alingoja aone nani atainuka kuifuata. Alipochoka kungoja, akaenda mwenyewe na povu mikononi.

Osiako alimpa spana, akamtazama. "Kwani Nehemiah hayuko?"

"Yuko," alisema Jescah.

Alifungua nati nne, akakiburuta kiti hadi kwenye nyasi. Sponji yake chini ilikuwa ya manjano, imegandamana kama jibini. Alikuwa amepiga magoti akiikwangua kwa kijiko wakati lango lilipofunguka, akaingia Mzee Erastus, aliyekuja kuchukua miwani yake. Mkononi alikuwa na jerikeni nyingine.

Jescah alisimama upesi, akashusha leso, akajisogeza nyuma ya gari. Kwa mila yao mkwe na baba mkwe hawasogeleani. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa hawajawahi hata kupeana mikono. Mzee naye alisimama pale pale langoni. Alikitazama kiti, akaitazama sufuria, kisha akamgeukia mwanawe.

"Nehemiah, hayo maji ya moto ni ya nini?"

"Mama Sylvia anaoshea kiti, baba," alijibu Nehemiah, akimtaja mkewe kwa jina la binti yao.

"Mwambie maziwa hayaanzwi na maji ya moto. Yanaiva, yanashika. Ni maji baridi kwanza, mengi, mpaka yatoke safi. Sabuni ni baadaye."

Nehemiah aligeukia gari. "Mama Sylvia, baba anasema..."

"Nimesikia."

Mzee alikikaza kifuniko cha jerikeni aliyoishika. "Mwambie pia kwamba kifuniko nilikifunga mimi. Kosa ni langu." Kisha akakitazama kiti cha kivulini. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo ukifanya nini?"

Nehemiah aliinuka kitini. Baba yake alimwamuru avue viatu. Alimtuma kuchota maji kwenye tangi, ndoo baada ya ndoo, ayamwage juu ya sponji na kuikanyaga, na kila alipokanyaga maji yalitoka meupe. Mzee alisimamia, mgongo wake ameuelekeza upande aliokuwa Jescah.

Jescah aliingia jikoni kusonga obusuma, ugali wa kwao. Kilichomuudhi zaidi sasa hakikuwa Nehemiah. Kila muhula, yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi kwamba sufuria ya maziwa huanza kuoshwa kwa maji baridi. Huandika ubaoni, na kwenye mtihani huuliza. Asubuhi nzima alikuwa amekipika kiti kwa mikono yake. Alisonga kwa nguvu mpaka mwiko ukalia.

Alasiri mvua ilinyesha, na Jumapili ikanyesha tena, kiti kikashinda kimeegemezwa kwenye veranda. Bila kiti cha nyuma familia haikuenea garini, wakaenda kanisani kwa miguu. Baada ya ibada Jescah alimkuta mumewe amesimama na wanaume wenzake, akiwaeleza jinsi ya kutoa maziwa kwenye gari.

"Watu wengi hukimbilia maji ya moto," alikuwa akisema. "Sisi tulitumia baridi."

Jescah alishika njia ya nyumbani peke yake. Hakumngoja.