Ushirika wa Mtu Mmoja

Cleophace alikuwa seremala pale Mirongo, Mwanza, na kosa lake la kwanza katika nchi ya wakulima na wafanyakazi lilikuwa kuijua kazi. Kosa la pili, aliifanya peke yake. Alikuwa na kibanda cha bati, benchi moja, na sanduku la zana alilokuja nalo kutoka Bukoba: randa mbili, misumeno mitatu, patasi, keekee na nyundo. Zana zile alipewa na mabruda wa misheni baada ya kuwafanyia kazi miaka minne bila mshahara. Hakuwa na shamba wala ng'ombe. Sanduku lile ndilo lililomlisha yeye, mkewe Felicitas na watoto watano. Alikuwa mpole, hajui kubishana. Mimi watu wapole wananikera, maana ukiwadhulumu wanakusaidia kubeba.

Mwaka sabini na saba ikaamriwa kila mtoto aende shule. Watoto walipatikana, tena wengi, ila madawati hayakupatikana. Ofisi moja ya kuendeleza viwanda vidogo, ambayo siitaji jina kwa sababu bado nina ndugu wanaotafuta kazi, ikatangaza mkopo wa vifaa kwa mafundi: mbao, misumari na gundi. Cleophace akavaa shati lake la kanisani akaenda. Afisa aliyempokea, Ndugu Chenge, alikuwa bwana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Uko na nani?" Chenge akamuuliza.

"Niko mwenyewe, ndugu."

"Basi hatuwezi kukukopesha. Mtu mmoja anayejitafutia faida ni bepari. Lete watu kumi, mwenyekiti, katibu na katiba."

Bepari akarudi kwa miguu, kandambili zimekatika. Akaja moja kwa moja kwangu.

Mimi ni Immaculata. Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya pamba, na jioni nilikuwa katibu wa chama chetu cha kuzikana, sisi watu wa Bukoba tunaoishi Mwanza. Kwetu mtu anazikwa nyumbani, kwenye kibanja chake, kati ya migomba. Ukifia Mwanza lazima uvushwe ziwa kwa meli, na melini huwezi kupanda umeviringishwa kwenye mkeka. Unataka jeneza imara lililopigiliwa sawasawa. Ndiyo maana tulikuwa na chama, na Cleophace alikuwa mwanachama kama sisi.

"Ma Immaculata," akaniambia, "watu kumi nitawatoa wapi? Maseremala ninaowajua wawili wamehamia vijijini, wa tatu amehamia kilabuni."

Nikatumia akili zangu nyingi nilizojaliwa. Nikamwambia watu kumi tunao tayari, wana mwenyekiti, wana katibu, na katiba wanayo. Nikapiga chapa jalada jipya, Ushirika wa Useremala Mirongo, nikalibandika juu ya katiba yetu ileile ya mazishi. Kurasa za ndani sikuzigusa. Ukurasa wa nne ulisema mali yote ya chama itatumika kwanza kwa kuzika wanachama na ndugu zao. Kule ofisini waligonga mhuri kila ukurasa, na huo wa nne ukapata miwili.

Masharti yalikuwa mepesi. Madawati themanini yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Yasipotimia, ofisi inachukua dhamana, na dhamana ni sanduku la zana. Tulitia sahihi wote kumi. Sisi tisa tulisaini kwa moyo mkunjufu kabisa, kwa kuwa hatukuwa na kitu cha kuchukuliwa.

Mbao zikaja kwa lori mwezi wa tisa. Cleophace alizipanga chini ya bati, akazigusa moja moja. Kwa wiki tatu tulimsikia akipiga randa toka alfajiri, na dawati likitoka alilikalia mwenyewe kuona kama linayumba. Alikuwa na furaha, na mimi nilifurahi naye. Nilijiona mtu wa maendeleo.

Kisha mama wa mwanachama mwenzetu Clavery, aliyekuja Mwanza kutibiwa macho, akafariki. Tukakutana kwa Ta Privatus, mwenyekiti wetu. Kwetu mwanamume wa heshima ni Ta, hata akiwa na akili finyu. Privatus akasema hakuna haja ya kuhangaika, mbao za chama zipo.

Cleophace akanyoosha mkono. "Samahani, Ta. Mbao zile ni za madawati."

"Ya watoto wa nani?"

"Wa shule."

"Na huyu marehemu ni wa nani?"

Privatus akaniomba nisome ukurasa wa nne. Nikausoma, kwa sauti nzuri. Tukapiga kura, mikono tisa ikapanda, na wangu ulikuwa mmojawapo. Mnanitazama nini? Kwetu anayekataa mambo ya msiba, siku yake ikifika atazikwa na mbwa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, akaenda kumpima marehemu.

Mwaka ule ulikuwa wa kuhara na surua. Oktoba alikufa shemeji ya mtu, Novemba wakafuatana watoto wawili. Kila msiba niliutoa tena ukurasa wa nne. Na mfa maji haachi kutapatapa, lakini sisi tuliokuwa nchi kavu ndio tuliotapatapa zaidi. Clavery alikuja kudai mbao nne, na hakuna aliyekufa kwake. Alikuwa amefiwa na dirisha. Mwingine alifiwa na kitanda. Cleophace alitoa tu. Felicitas ndiye aliyekuja kunifokea uani kwangu, mtoto mgongoni.

"Ma, mwambie huyo mumeo mwenyekiti kwamba mnamuua mwenzenu."

"Privatus si mume wangu," nikamjibu. Jibu zuri sana lile. Mpaka leo nikilikumbuka nasikia haya.

Januari Ndugu Chenge akaja kukagua. Akakuta madawati thelathini na moja, mazuri, na jeneza moja bichi kwenye benchi. Akazunguka jeneza lile mara mbili, akatoa kalamu ya kwanza. Nilichungulia alichoandika: "Ushirika umepanua uzalishaji kwa kuongeza masanduku marefu." Hata hivyo themanini hayakutimia, na sheria ni sheria. Akauliza wanachama tisa wana mali gani. Tukasema hatuna. Akatupongeza kwa kutokuwa na tamaa, kisha akaagiza sanduku la Cleophace lipakiwe kwenye gari. Lilikuwa zito, dereva alikuwa peke yake. Cleophace akashika upande mmoja.

Baada ya hapo akawa kuli bandarini, anabeba magunia ya pamba. Mikono iliyojua kuunga mbao bila msumari ikawa inashika ndoano ya gunia. Watoto wake wawili wakapelekwa Bukoba kwa bibi. Sisi tukaendelea na chama chetu, mikutano kila mwezi, na dua mwanzo na mwisho.

Mwezi wa tano Ta Privatus akafa usingizini. Jeneza la kununua mjini halikupatikana, na meli ilikuwa inaondoka keshokutwa. Basi wakanituma mimi, katibu, niende bandarini. Nilimkuta Cleophace ameketi juu ya gunia anakula muhogo. Nikamweleza. Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Alifunga muhogo wake kwenye karatasi akasimama.

Zana zilikuwa kwenye stoo ya ofisi ile ya mkopo, chini ya mtu aitwaye Ndalahwa. Akatutolea fomu ya kuazima mali ya umma, siku mbili, sababu ya kuazima, jina la mdhamini. Nilidhamini mimi. Cleophace akatia sahihi, akalichukua sanduku lake. Alipiga jeneza siku nzima na nusu, zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, kwa mbao alizobandua kwenye mlango wa kibanda chake mwenyewe. Privatus akavuka ziwa kwa heshima zote.

Siku ya pili ya kuazima, kabla ya saa tisa, Cleophace alikuwa stoo anarudisha. Nilikuwa nimemsihi njia nzima abaki na zana, akimbie nazo, afike hata Musoma, nani angemfuata? Akasema, "Nimesaini, Ma."

Ndalahwa akakagua kimoja kimoja. Akageuza randa kubwa, akakuta kwenye mpini herufi zilizochomwa kwa msumari wa moto: C.R.

"Nani amechora mali ya umma?"

"Ni mimi, ndugu," Cleophace akasema. "Zamani."

Ndalahwa akafungua droo, akampa kipande cha msasa. Cleophace akachuchumaa pale mlangoni akasugua jina lake mpaka likafutika, akapuliza vumbi, akapitisha kidole kuona kama pamelainika. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na kalamu ya chama mkononi.